Basi Lililonikatiza Maneno

Kwa Mkurugenzi,
Mabasi ya Mji,
Mji anakoishi mwanangu.

YAH: BASI LENU KUONDOKA KWA WAKATI NA HASARA NILIYOIPATA

Ndugu Mkurugenzi,

Kabla ya yote nakutakia afya njema wewe, mwenzio wa ndoa, na watoto kama wapo. Mimi si mtu wa kulalamika ovyo. Ni mama mtu mzima, fundi cherehani, na maisha yangu yote nimeandikia ofisi mara moja tu, nilipowaomba watu wa umeme waniwashie, nao hawakujibu. Nakuandikia kwa lugha yangu kwa sababu ndiyo ninayoweza kukasirikia vizuri. Tafuta mtu wa kukutafsiria, na nakuomba awe ameoa au ameolewa. Mseja ataona mambo haya ni ya kuchekesha.

Nilikuja nchini kwenu kumtembelea mwanangu na mke wake. Walioana huko huko, mimi nikaletewa picha. Kwa hiyo safari ilikuwa na kazi moja: kumwona mkwe wangu kwa macho yangu, na siku ya kuondoka kumwambia kama nimeridhika. Nilikaa majira yote ya baridi yenu. Nikaridhika. Ila kumwambia sikumwambia, na mwenye makosa ni basi lenu, kama nitakavyoeleza kwa namba ili usipotee njiani.

1. Basi lilikuja wakati lililosema litakuja. Pale kituoni kwenu, mkwe wangu aliponisindikiza, kuna kibao chenye maandishi ya taa. Kiliandika dakika nne. Nikacheka, nikaweka mizigo chini, nikajipanga kungoja saa nzima na ushee kama mtu yeyote mwenye akili zake. Huku kwetu ukiambiwa gari linakuja sasa hivi, unaweza kurudi nyumbani, ukaanua nguo, ukazikunja, na ukafika tena kituoni kabla yake. Basi lenu likatokea kwenye kona baada ya dakika nne. Sijui nani aliwafundisha kutii kibao.

2. Basi liliondoka tupu. Ndani tulikuwa watu watatu, na viti vingine vyote vilikuwa vinakwenda matembezi. Hapa sina budi kukueleza jinsi usafiri unavyoendeshwa kwetu, maana naona hamna habari.

Kwetu basi haliondoki mpaka lijae. Kuna mpiga debe kituoni, kazi yake ni kuita abiria, naye tunamwita Bado Wawili, kwa sababu tangu asubuhi basi likiwa halina mtu hadi saa ya kuondoka, wimbo wake ni huo huo: bado wawili tu, tunaondoka! Mgeni husikia hivyo akakimbia, akapanda, akakaa jasho likimtoka. Sisi wenyeji tunajua kwamba hapo ndipo mazungumzo yanaanza. Anayesafiri anakaa dirishani, anayemsindikiza anasimama chini, na hakuna pa kwenda. Wataongea hali ya hewa. Wataongea kuku. Watanyamaza. Halafu, kwa kuwa basi bado halijajaa, mtu atasema lile lililomleta. Nimeona kwa macho yangu ndugu wawili waliogombea kiwanja wakipatana kwenye dirisha la basi, na posa imewahi kujibiwa pale Bado Wawili akiwa ameshika mlango.

Mimi mwenyewe nilipokuwa mke mpya, mama mkwe wangu alikuja kukaa kwetu msimu mzima wa mvua. Hakusifu chochote. Nikifagia, anatazama ufagio. Nikishona, anageuza nguo upande wa ndani kuangalia uzi. Siku ya kuondoka nilimsindikiza moyo ukiwa mzito, nikijua nimeshindwa. Akakaa dirishani, tukamaliza habari za kuku. Basi lilipoanza kuunguruma akainama akaniambia: “Mwanangu hakukosea.” Likaondoka, sikupata hata nafasi ya kujibu. Ndugu Mkurugenzi, maneno hayo mawili nimeyaishi mpaka leo. Siku ambazo mume wangu alikuwa hashikiki, nilikuwa nayakumbuka nikatulia.

Basi nami nilipofika kwenu nikafanya kama nilivyofanyiwa. Nilikaza uso. Mkwe wangu anafanya kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee, anarudi jioni miguu imevimba, na bado kitu cha kwanza ananiuliza habari za magoti yangu. Siku moja nilitoka kuoga nikakuta kitanda changu kimesogezwa mbali na ukuta, kwa sababu ukuta ule ulikuwa baridi. Alikisogeza peke yake, kitanda cha mbao nzito, wala hakusema. Nami nikamwambia: “Sawa.” Roho iliniuma, lakini nilikuwa naweka akiba. Sifa zote nilikuwa naziwekea kituoni.

3. Basi lilinidanganya kwa heshima. Lilipofika lilishuka upande mmoja, likainama lenyewe ili nipande bila taabu. Sijawahi kuona chombo chenye adabu kama kile. Nikafikiri, gari linaloniinamia namna hii haliwezi kunikimbiza. Nikapanda, nikakaa dirishani, nikageuka nimwambie mkwe wangu neno langu. Kumbe madirisha yenu hayafunguki.

4. Dereva hakubali kugombana. Nilimfuata nikamwomba kwa ishara asubiri kidogo, nina neno na mkwe wangu. Yuko ndani ya kioo kama mkate dukani. Akanionyesha saa yake, akatabasamu. Angenifokea ningemshukuru! Dereva wetu anafoka, nawe unafoka, abiria wanachagua upande, kondakta anasuluhisha, na mpaka hapo msindikizaji ameshaambiwa kila alichopaswa kuambiwa. Kwenu hakuna kondakta kabisa. Kuna kitufe chekundu ukutani. Nilikibonyeza mara nyingi, kikalia kengele, basi likasimama kituo kinachofuata, mbali, ambako sina mkwe.

5. Nililia ndani ya basi na hakuna aliyeniuliza kwa nini. Kwetu, kabla hatujafika kona ya kwanza, gari zima lingekuwa linajua jina la ukoo wangu, na abiria wangemlazimisha dereva arudi nyuma. Kwenu kijana mmoja alipunguza sauti ya redio masikioni mwake, labda ili asikilize kilio changu au ili asinisumbue, sijui. Mama mmoja alininyooshea karatasi laini ya kufutia machozi huku akitazama nje. Karatasi ilikuwa nzuri. Naitaja hapa kwenye malalamiko kwa sababu sikumshukuru, naye alishuka kabla sijajifunza neno la kumshukuru.

6. Hii ndiyo namba kubwa, nakuomba uisome umekaa.

Unakumbuka nilisema watu huanza na mambo madogo. Kwetu ndivyo inavyotakiwa: huwezi kumrukia mtu na sifa kama kuku anayetoroka tenga. Basi nilipokuwa bado nimesimama pale kituoni, nikitafuta pa kuanzia, nilimwambia mkwe wangu: “Lile pazia lako la sebuleni upande mmoja umezidi urefu.” Ulikuwa mwanzo tu. Kutoka kwenye pazia ningekwenda kwenye cherehani, kutoka kwenye cherehani ningefika kwenye mama mkwe wangu, na kutoka hapo lile neno lilikuwa mlangoni. Nilihitaji kama nusu saa. Nikapewa pumzi mbili. Mlango ukajifunga. Mkwe wangu akalifuata basi hatua chache, mkono juu, akifikiri ninasema kitu nyuma ya kioo. Nilikuwa ninasema. Hakusikia.

Kwa hiyo neno la mwisho la mama mkwe wake, baada ya majira yote yale, ni pazia.

Mwanangu alinipigia nilipofika. Shikamoo mama, umefikaje, haya pumzika. Ndivyo anavyoongea na watu wa benki. Nilipomuuliza habari za nyumbani akasema mke wake amelishusha lile pazia, na sasa sebule iko wazi, wapangaji wa ng'ambo ya barabara wanawaona wakila. Anasema hataki tena kushona kitu ambacho mama atakitazama. Ndugu Mkurugenzi, mimi ni fundi. Pazia lile kasoro yake ilikuwa ndogo kiasi cha ukucha, na alilishona kwa mkono, usiku baada ya kazi, ili mimi nisipigwe na upepo wa dirisha. Nilijua. Nilijua siku ile ile nilipoliona.

7. Utaniuliza kwa nini nisipige simu. Shoga yangu muuza vitambaa ameniuliza hivyo hivyo, nikamwona hajui mambo. Mama mkwe hapigi simu kusifu. Ataonekana ametumwa na mwanawe, au anataka kitu. Na tena neno la namna ile linahitaji basi. Unalisema, basi linakuondoa, huoni uso wa mtu na yeye hauoni wako. Kwenye simu utasema, halafu mtabaki mmeshikana hapo hapo, kila mmoja akisikia pumzi za mwenzake. Nani anaweza?

Kutokana na hayo naomba yafuatayo, na sidhani ni makubwa.

Kwanza, basi la njia ile lisiondoke mpaka lijae, au walau mpaka wakwe wamalize. Pili, mumwajiri Bado Wawili. Ana sauti, hanywi, na yuko tayari kuvaa koti. Tatu, mnirudishe. Namaanisha mnirudishe mimi pale pale kituoni, siku yenye baridi ile ile, mlete basi lile lile na dereva yule yule bila saa yake, na mkwe wangu aitwe asimame alipokuwa amesimama, tuanze upya kuanzia kwenye pazia. Kijana wa redio na mama wa karatasi nao wawepo, nisione mambo yamebadilika. Nne, kama hilo ni gumu, basi kibao chenu kifanye kazi ya maana. Mkwe wangu husimama mbele yake kila asubuhi akienda kazini. Asubuhi moja, badala ya dakika, kiandike kwa taa: MWANANGU HAKUKOSEA. Asiambiwe ni nani. Atajua. Halafu basi lije haraka sana, limwondoe.

Mkikataa yote nitajua kwamba katika nchi yenu basi lina haraka kuliko binadamu, nami nitawaonea huruma.

Nimalizie kwa salamu. Msalimie dereva wa kioo, simchukii, ni saa yake ninayoichukia. Wasalimie mafundi wanaolainisha yale magoti ya basi. Msalimie mama wa karatasi ukimpata, na mwambie asante. Kama mama mkwe wako yuko hai msalimie pia, na usimwamini akinyamaza.

Ndimi niliyebaki na neno mdomoni,
Fundi cherehani, kiti cha dirishani, nyuma ya dereva.

NYONGEZA: Ndugu Mkurugenzi, barua hii niliifunga nikaondoka kuipeleka mjini kuiposti, na sasa nimeifungua tena. Nikapanda gari, Bado Wawili akaita wawili wake, na tukakaa. Tukakaa. Jua likapanda, mtoto wa mtu akatapika, kuku wa mtu akafunguka, na sisi tuko pale pale. Nikasimama nikasema kwa sauti kwamba kuna nchi za watu wenye akili ambako kibao kikiandika dakika nne ni nne, na gari linaondoka hata likiwa tupu, na dereva hafoki. Watu walicheka lakini mimi nilikutetea, nataka ujue. Niliwatetea wote, mpaka kitufe.

Baada ya hapo sikuwa na mtu wa kuongea naye. Nikatoa simu. Sikupanga. Mkwe wangu akapokea, kwenu ilikuwa asubuhi, yuko kituoni. Nikaanza na pazia, nikamwambia alirudishe, lilikuwa zuri, mimi ndiye mkorofi. Nikamwambia mwanangu hakukosea. Nikabaki nasikia pumzi zake tu, na nilikuwa sina basi la kunitoa pale, langu bado wawili. Ndipo nikasikia basi lenu linafika, ule mlango wenu unavyoshusha pumzi. Akasema: “Mama, basi limekuja.” Nikamwambia panda mwanangu, usichelewe. Akasema: “Liache liende.”

Likaenda. Yeye akabaki. Kumbe basi linaweza kuachwa! Nami siku ile nilikuwa na miguu yangu miwili na hakuna aliyenisukuma ndani. Tuliongea mpaka gari letu likajaa, na lilipojaa nikashuka, nikampa mtu kiti, tukaendelea.

Kwa hiyo futa maombi yote, isipokuwa hili moja jipya. Mkwe wangu alichelewa kazini sana, hajawahi. Bosi wake alimuuliza, naye akajibu kwamba basi lilichelewa. Wakikupigia simu kukuuliza, tafadhali, ndugu yangu, kubali.