Misumari ya Mwarobaini wa Bi Zena

Leo nimejivua nguo mwenyewe, mchana kweupe, hapa hapa Makorora. (Nguo ninazo mwilini, msianze.)

Naandika humu kwenye grupu la mtaa kwa sababu ile sauti yangu iliyorushwa humu asubuhi najua mmeisikia, na wengine mmeshaifikisha Chumbageni. Ambaye hajaisikia asiitafute. Asome hii kwanza mpaka mwisho.

Bi Zena mnamjua. Mjane, anakaa peke yake, nyumba yenye mwarobaini mkubwa mbele ya baraza. Mwezi jana tawi lilidondoka likamtobolea bati. Akaniita. "Mhina mwanangu, huu mti utanifukia. Nikatie wewe, sitaki mtu mwingine." Mimi ni seremala, si mkata miti. Lakini kwa kiherehere changu nikamjibu, "Bi Zena, hiyo kazi ya asubuhi moja tu."

Chenso sina. Nikaenda Muheza kwa baba mkwe, maana yeye anao huo msumeno wa mashine, na ndio uliosomesha watoto wake wote, mke wangu akiwemo. Hajawahi kumwazima mtu. Akanikabidhi kwa mikono miwili, kama siku ile alivyonikabidhi binti yake, ila safari hii alionekana kuwa na wasiwasi zaidi.

"Mkwe, mti wa shamba na mti wa mjini ni vitu viwili," akaniambia. "Wa mjini watu wameupigilia kila kitu. Kabla hujawasha mashine, bandua gome, gongagonga na shoka. Ukiona pamevimba, ujue mti umemeza kitu. Usikate hapo."

"Baba, mimi na mbao tumezoeana."

(Ningekuwa na akili ningeishia "ndiyo, baba".)

Matawi niliyamaliza jana kwa panga. Leo ilikuwa zamu ya shina. Saa mbili asubuhi nikafika, shikamoo, marahaba, nikakuta chai ya tangawizi na vitumbua vinanisubiri barazani. Nikauzunguka mti mara moja. Usawa wa kifua palikuwa na nundu, imetuna kama mkate wa kumimina. Nikaiona, wallahi niliiona. Nikaipiga kofi, nikasema hiki kinundu tu. Shoka lilikuwa pale pale, limeegemea ukuta, sikuligusa. Watu walishaanza kukusanyika kutazama, na mimi nikitazamwa na watu huwa siwezi kugongagonga mti kama mtu anayetafuta mchwa.

Nikavuta kamba. Mashine ikanguruma, unga wa mbao ukaruka, nikajiona dume. Mara, kraaa! Cheche! Cheni ikakatika, ikanichapa kwenye buti, ikaanguka chini. Nikaiokota. Meno yake yalikuwa yameisha kama ya babu yangu.

Nikachungulia nilipokata. Ndani kabisa ya mti, misumari miwili, imekaa sambamba.

Mama Asha wa mihogo ndiye aliyesema wa kwanza. "Yarabi! Misumari ndani ya mti? Hapo kuna mtu kafungwa!"

Hiyo habari mnaijua. Ukipigiliwa msumari mtini huoi, huajiriwi, hupati hata usingizi. Nilitakiwa kusema "acheni upuuzi", maneno mawili tu, yakaisha. Lakini nilikuwa nimeshika cheni ya baba mkwe imekatika, na nilihitaji mtu wa kumtupia lawama. Nikampigia simu. Mikono yangu ilikuwa imejaa oili, kwa hiyo nikaweka spika.

"Shikamoo baba. Mashine imepata ajali."

"Ulibandua gome?"

"Baba, si suala la gome. Mti una misumari ya kichawi huu. Huyu bibi ana mambo yake, baba. Mtaa mzima unamjua."

Mtaa mzima unamjua! Mimi huyu nimetamka hivyo! Mtaa mzima unamjua kwa futari anayotugawia kila Ramadhani. Nikageuka, nikamkuta Bi Zena amesimama mlangoni na sinia. Alikuwa ananiongezea vitumbua.

"Mimi, Mhina?"

Akaweka sinia chini, akaingia ndani, akafunga mlango. Na mnajua wenyewe, mwanamke mzee anayeishi peke yake akipakwa neno lile, halitoki kwa maji na sabuni. Watu wakaanza kunong'ona. Mmoja akakumbuka kuku wake waliokufa mwaka jana. Simu zikaanza kutoka mifukoni, na kumbe mmoja alishanirekodi tangu naongea na baba mkwe.

Hata hapo ningeweza kunyamaza. Wapi! Nilitaka ushahidi. Nikalichukua shoka (sasa ndiyo nimeliona). "Sogeeni! Sogeeni muone wenyewe!" Nikaipasua ile nundu. Gome likaruka, mbao ikafunguka, na ndani kukawa na kipande cha bati, kimemezwa chote. Kimejikunja, kina kutu, ila herufi zake zilitobolewa kwa msumari, tundu baada ya tundu, kwa hiyo zilisomeka vizuri sana.

Mama Asha akainama, akasoma kwa sauti ya kusomea maulidi: "FUNDI MHINA. MWA-MI-NI-FU. ULIZA HAPA."

Jamani.

Kibati ni changu. Nilikitoboa mwenyewe miaka ile naanza useremala, sina karakana, sina simu. Bi Zena ndiye aliyeniambia, "Pigilia kwenye mti wangu, watu wanapita hapa." Bure kabisa. Na aliyekuwa akiulizwa hapo ni yeye. Mteja akija, Bi Zena anaacha chungu jikoni, anamleta mwenyewe mpaka kwetu. Kitanda changu cha kwanza, mnunuzi alinitafutia yeye. Nilipopata karakana Chumbageni nikakisahau. Siku nilipokikumbuka sikukiona, nikadhani watu wa vyuma chakavu wamekwenda nacho. Kumbe mti ulinitunzia.

"Ala! Kumbe mchawi ana kibao cha biashara," akasema Mama Asha. Watu wakaangua kicheko. Na kwenye simu, ambayo nilikuwa sijaikata, nikamsikia baba mkwe akisema taratibu, "Mkwe, cheni nitaipata dukani. Jina la huyo mama utalipata duka gani?"

Nikaenda mlangoni. Hodi. Hodi. Nilipopiga ya tatu nikasikia hatua zake, lakini hakufungua. Nikainama penye kitasa, nikasema polepole ili walioko nje wasinisikie, "Bi Zena, nisamehe. Nimekukosea."

"Kunisema uliweka spika," akajibu kutoka ndani. "Radhi ndiyo unaniomba kwa kunong'ona?"

Tangu saa nne niko na neno hilo. Nimejaribu kulala, hakulaliki. Vitumbua vyake nilikuwa nimeshakula vinne. Najuta, jamani. Si cheni ninayoijutia.

Kwa hiyo sikilizeni. Misumari ya mwarobaini wa Bi Zena niliipigilia mimi, Mhina, kwa nyundo yangu, kwa ruhusa yake, kwa faida yangu. Pale hakufungwa mtu. Pale nilifunguliwa riziki mimi. Mwenye ile sauti ya asubuhi aifute, arushe hii, na kama aliituma Chumbageni basi na hii iende Chumbageni. Saa kumi, tukitoka kusali, nitasimama mbele ya baraza lake niyaseme haya kwa mdomo wangu. Mwenye kuku naye aje.

Siwaombi msicheke. Chekeni. Ila mkicheka wekeni spika, Bi Zena asikie anayechekwa ni nani.