Pingamizi Langu Dhidi ya Uraia wa Amon

Jumatatu, 8 Septemba 2025
Gazetini, ukurasa wa kumi na nne: picha ya Amon! Jirani yangu wa meza ya asali hapa sokoni Tabora. Mrundi yule anaomba uraia, na tangazo linasema mwenye sababu ya kumpinga aandikie Uhamiaji. Nchi imeniita. Akinyimwa, wateja wake watarudi kwangu.

Jumanne, 9 Septemba
Barua tayari. Sababu: Kiswahili kibovu, tabia mbaya (anawaambia watu asali yangu ina sukari. Ina, lakini adabu iko wapi?). Nilikwama kwenye tahajia ya "pingamizi". Nikamuuliza Amon. Akaniandikia kwa mwandiko safi, akanitakia heri. Mjinga!

Ijumaa, 12 Septemba
Nimeitwa Uhamiaji. Nimevaa koti. Afisa, Bi Julieth, akauliza namfahamu Amon tangu lini. Miaka kumi na minane, nikasema, na habanduki hapa. Hata mama yake alipofariki kwao hakwenda kuzika. Akaandika yote, akanishukuru kwa kuthibitisha sharti la ukaazi. Kuthibitisha!

Nikaona nimkumbushe anaongea na nani. Ukoo wetu uliingia Tabora na misafara ya pembe, kutoka Manyema! Akaweka kalamu chini.

"Manyema ya Kongo, mzee Lukumani?"

Anataka ushahidi kwamba baba yangu alizaliwa nchini. Siku kumi na nne.

Jumapili, 14 Septemba
Karatasi hakuna. Mchwa walishamaliza. Mke wangu ameuliza, kwa upole kabisa, kama huko Kongo nitahitaji sweta.

Alhamisi, 18 Septemba
Nimemwomba Amon msaada; amehangaikia nyaraka zake miaka mitatu. Anajua kila kabati la serikali. Kanipeleka kwa treni hadi Tura, shule aliyosoma baba. Rejista ya 1953: jina la baba, kazaliwa Tura! Nikatoa machozi. Vumbi tu. Nikamweleza habari za barua. Akasema alijua tangu siku ile. Nani mwingine huulizia "pingamizi" siku moja baada ya tangazo? Kisha akaninunulia karanga.

Jumatatu, 22 Septemba
Bi Julieth ameridhika nami. Barua yangu imetupwa, maombi ya Amon yanaendelea. Sasa mimi ni mtaalamu. Nimetundika kibao mezani: MSHAURI WA URAIA. Mteja wa kwanza kauliza masharti. Nimemwambia la kwanza kabisa: usimwamini jirani.