Pumzi ya Mume Wangu Haikuwa Upepo

Kwa Ndugu Mkuu wa Karakana ya Kuziba Boti za Mpira na Magodoro ya Upepo,

Natumaini barua hii inakukuta mzima na kazi zinakwenda. Mimi ni mjane wa yule bwana mwembamba ambaye majirani walimwita Nahodha, ingawa chombo chake kilikuwa kimoja tu: ubao wa kujazwa, ule ambao mtu husimama juu yake akapiga kasia bwawani. Niliuleta kwenu wiki iliyopita ukiwa umevimba. Mmenirudishia umekunjwa kama shuka.

Naomba nieleze. Pampu ya ubao ilipotea mwaka uleule tulipoununua. Tangu hapo, kila Jumamosi mume wangu alitoka nao ukiwa bapa, akarudi nao umejaa, naye akihema, shingo imelowa. Nikimuuliza, "Kweli umeujaza kwa mdomo?" alinijibu, "Mke wangu, mwanamume ni mapafu." Alipofariki, ubao ulibaki umejaa vilevile, umesimama nyuma ya kochi. Kila nilipokwenda kulala niliugusa, nikauambia lala salama.

Kisha dada yangu akaja kunisaidia kupanga nguo za marehemu, na pembe ya sanduku la chuma ikauchoma. Nikasikia ssss. Nilibandika plasta ya kidonda, nikajitwika kichwani, mbio hadi kwenu. Ombi langu lilikuwa dogo: zibeni tundu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Fundi mkuu alipaka povu la sabuni ili aone panapovuja. Mapovu yakavimba, mazuri, yanameremeta. Akayapasua kwa kidole. Sikusema kitu, maana nililelewa vizuri.

2. Kisha akasema, "Mama, kiraka hakishiki mpaka tutoe upepo," akafungua vali palepale. Kwenye tairi huo ni upepo. Humu ilikuwa pumzi. Mtu hatoi pumzi ya mwenzake bila kuwaita ndugu.

3. Ilipokuwa ikitoka, fundi wa pili aliuelekeza mdomo wa vali mezani kwake ili ipeperushe vumbi la msasa. Mume wangu katika uhai wake hakufuta meza hata siku moja. Mmemfanyisha kazi za nyumbani akiwa marehemu, tena nyumba ya watu.

4. Waliokuwemo waliivuta pumzi hiyo. Karani wenu alipiga chafya mbili, akasema "Loo!" kama marehemu kabisa. Mteja aliyeleta godoro aliondoka akipiga mluzi, na alipoingia alikuwa amenuna. Watu hawa wana kitu cha marehemu vifuani mwao, na wameshika njia zao bila hata kunipa pole. Kuanzia leo nawahesabu kuwa shemeji zangu. Naomba waarifiwe.

5. Shemeji yangu halisi, mdogo wake marehemu, ananiambia ninunue pampu niujaze upya. Nikiujaza kwa pampu, ndani awe nani?

Kwa hiyo naomba wote waliokuwepo wafike kwangu Jumamosi, wapange foleni, wapulize kwa mdomo mpaka nilichowaletea kirudi mahali pake. Aliyekula vitunguu akae mwisho. Kama mwenye godoro hapatikani, niletewe godoro lake kwanza, tutajadiliana.

Kiraka chenyewe sina neno nacho. Kimekaa vizuri.

Nisalimie mafundi wote, hata yule wa vumbi, na shemeji karani mwambie ajifunike kifua, hali ya hewa si nzuri.

Ni mimi niliyeketi kwenye kiti chenu cha plastiki nikanyamaza,
Mjane wa Nahodha

Nyongeza: Nilikuwa natafuta gundi ya bahasha, mara fundi mkuu akabisha hodi. Ameleta pezi la chini ya ubao mlilolisahau. Nikamsomea barua yote. Akainama, akashika kofia yake. "Mama, utanisamehe," akasema. "Mzee alituapisha. Ule ubao hajawahi kuujaza kwa mdomo. Kila Jumamosi alikuja kwetu, tukaujaza kwa mashine. Akishaupokea anajimwagia maji shingoni, anaizunguka karakana mbio, ndipo anarudi kwako."

Kumbe muda wote huu nimekuwa nikiuaga upepo wenu. Basi malalamiko yote nayafuta, na karani si shemeji yangu tena. Niwieni radhi kwa kukaa na mali ya karakana.

Fundi alinionyesha jinsi mzee alivyojizoeza kuhema pale mlangoni kwenu kabla ya kuja nyumbani: mkono kiunoni, bega moja juu, mdomo wazi, hah, hah, hah. Alimwiga sawasawa kabisa. Nikamwomba arudie.