Ombi la Kubadilishana Mtoto na Chujio la Kiwandani

Kwa Meneja,
Kiwanda cha Rangi za Nguo.

Ndugu Meneja,

Pole na majukumu. Mimi ni mke wa fundi wenu wa chujio, na mama wa mtoto wa miezi saba ambaye yeye na usingizi hawapikiki chungu kimoja. Nakuandikia kwa heshima zote, naye yuko mgongoni, kwa hiyo mistari ikipinda usinidhanie vibaya.

1. Mume wangu amenieleza kazi yake mpaka nimeikariri. Rangi ikishatengenezwa huwa na chumvi nyingi. Husukumwa kwenye utando wa chujio, wenye vitundu visivyoonekana kwa macho. Chumvi hupita na maji, rangi hubaki kwa kuwa chembe zake ni kubwa. Sina ugomvi na hilo.

2. Ugomvi ni malezi. Utando huo hauachwi ukauke. Unaogeshwa kwa maji vuguvugu. Haukandamizwi. Ukiziba kidogo tu, mume wangu anaitwa, naye anakwenda mbio hata kamba za viatu hajafunga. Huyu wangu akiziba pua, baba mtu anageukia ukutani.

3. Juzi nilisinzia jikoni nikatia chumvi mara mbili kwenye maharage, na mama mkwe yuko sebuleni anasubiri. Mume wangu akasema, "Hilo dogo, mke wangu." Akatoa kipande cha utando chakavu, akausukuma mchuzi upite hapo kwa pampu ya baiskeli. Chumvi ilitoka kweli, simnyimi haki yake. Lakini kipande kilikuwa bado na rangi. Mama mkwe alirudi kwake na midomo ya buluu, na mpaka leo hapokei simu yangu.

4. Kwa hiyo naomba tubadilishane. Utando uje kwangu. Kuulea nimeshajua, na haulii. Mtoto aje kwenu, aandikishwe kama mtambo, ili akilia, baba yake aitwe. Nepi nitaleta mwenyewe.

Nisalimie mafundi wote, mlinzi wa getini, na utando wenyewe.

Wako katika uchovu,
Mke wa fundi.

N.B. Barua hii nimeileta mwenyewe. Hukuwepo, nikakaribishwa kwenye benchi kando ya mashine ya chujio. Ilivyokuwa ikinguruma, mtoto alilala kabla sijakaa vizuri, nami nikamfuata. Tumeamshwa na kengele ya kutoka kazini. Futa yote niliyoandika. Kila mtu abaki na wake. Naomba lile benchi tu, kesho na keshokutwa, na tafadhali mashine isizimwe.