Kamba ya Kengele ya Black Rock

Jumatatu, 6 Oktoba
Nimetoka kwenye ghala la nyama, mgongo hauna tena huruma, lakini furaha! Mama Winifred, mpiga kengele wa kanisa, anaiacha kamba. Magoti yake yamekataa ngazi za mnara. Jumapili atamtaja mrithi. Kanisa letu hapa Black Rock, ughaibuni, ni dogo, la mawe. Waingereza walilijenga zamani, na sasa wamelala uani chini ya nyasi. Wazungu waliobaki hawajazi hata benchi za mbele. Nyingine zote ni zetu, watu wa Kivu.

Kule Minembwe, milimani kwetu, baba yangu aliita watu kanisani kwa kugonga rimu ya gari iliyotundikwa mtini, na mlima mzima ukamtii. Donc, kwa hiyo, kamba ni yangu. Shida ni Rwema, jirani wa ghorofani, mwenye tai. Naye anaitaka.

Jumanne, 7 Oktoba
Mpango: kumlainisha Mama Winifred kwa mandazi na chai ya maziwa. Mimi nimechoka. Nimemtuma mke wangu, Nyirabeza. Karudi jioni! Ati walikuwa wakisugua mawe ya makaburi. Nikauliza kama alinitaja. Akasema mazungumzo hayakufika huko.

Jumatano, 8 Oktoba
Rwema kampelekea mama wa watu maua ya plastiki. Mshamba! Nimemtuma tena Nyirabeza, mandazi mengi zaidi. Kapandishwa mnarani kufukuza njiwa. Nikamwambia aache njiwa, anitaje mimi. "Baba Mucyo, si uende mwenyewe?" Na mgongo huu?

Ijumaa, 10 Oktoba
Mazoezi. Nimetundika rimu ya Toyota uani, nikagonga kwa nyundo. Rwema akafungua dirisha: "Mzee Karaha, pole sana. Nani amekufa?" Mbwa wa mtaa mzima wakalia. Mwanangu Mucyo akanisihi kwa Kiingereza, kisha akajifunika blanketi.

Jumamosi, 11 Oktoba
Muujiza! Nyirabeza amerudi na ufunguo wa mnara. Mama Winifred kampa mwenyewe, hakusema kwa nini. Sikuuliza. Ufunguo umelala nyumbani kwangu!

Jumapili, 12 Oktoba
Kwetu kengele ya kwanza hulia alfajiri, ili watu wa ng'ambo ya bonde wakamue ng'ombe na kuanza safari. Nikaigonga alfajiri. Nikaigonga vizuri, kwa muda mrefu.

Hapa hakuna bonde. Lilikuja gari la zimamoto. Wazungu walifika na nguo za kulalia, Mzee Clarence ameshika ndoo ya maji. Lakini watu wetu, wanaoingia kila siku katikati ya mahubiri, leo walimtangulia mchungaji! Mama Winifred alicheka mpaka akaegemea kaburi. Nikajua nimeshinda. Nikanyoosha koti.

Akamtaja Nyirabeza.

Vigelegele! Rwema alipiga makofi, mnafiki. Mke wangu akavuta kamba, taratibu, na sauti ikatoka kama ile ya rimu ya baba, ikivuka bonde. Machozi kidogo. Vumbi la njiwa.

Jumatatu, 13 Oktoba
Bon, sawa. Kengele ni kitu gani? Mzee Clarence, anayetunza saa ya mnara, naye amechoka na ngazi. Anatafuta mtu. Saa ni kubwa kuliko kengele! Nimesikia anapenda sombe, kisamvu chetu. Rwema hajui.

Mgongo bado unauma. Nyirabeza yuko jikoni, anaipika. Kesho atampelekea.