Bunduki Isiyokosa

Mtu anayejaribu miwani ya tatu katika wiki moja, na daktari wa macho bado anamwambia macho yake ni mazima, huyo ana shida isiyohusu macho. Waliokaa kwenye benchi la kusubiri hawakuliona hilo. Asilimia aliliona, maana kazi yake ilikuwa kuziona shida za watu kabla wenyewe hawajazitamka.

Jina la Asilimia alibandikwa na mji, kwa sababu hakuuza kitu bila kukitajia asilimia. Chaja zake za simu zilikuwa salama kwa asilimia tisini na saba. Dawa yake ya mende iliua asilimia mia na nne, yaani pamoja na wale ambao hawajazaliwa. Siku hiyo alikuja kumuuzia daktari fremu za miwani ambazo hakupenda kuulizwa zimetoka wapi. Fremu akazisahau palepale. Akasogea kwa yule mzee wa miwani ya tatu, akamwamkia kwa adabu zote, na dakika kumi hazikuisha kabla hajayajua yote.

Mzee aliuza magodoro, na kwa miaka kumi na mmoja alikuwa Mwenyekiti wa klabu ya kulenga shabaha. Uenyekiti aliupata kwa ukarimu na hotuba ndefu. Bunduki yenyewe hakuwahi kuifyatua mbele za watu. Sasa klabu ilikuwa imepata uwanja mpya wa mita elfu moja, na Jumamosi yeye ndiye angepiga risasi ya ufunguzi, wakwe zake wote wakitazama. Mwezi mzima alikuwa amefanya mazoezi kwa siri, na hajapata kugonga hata kilima kilichoko nyuma ya shabaha. Chakula hakikupita kooni. Usingizi ulikuwa umemhama, na kwa muuza magodoro hiyo ni aibu juu ya aibu.

"Mzee wangu," Asilimia akasema, "siku hizi mtu halengi. Kompyuta ndiyo inalenga."

Akamweleza, na lazima tukiri kwamba alichoeleza kipo duniani. Darubini inafungwa juu ya bunduki. Unaitazama shabaha, unabonyeza kitufe, unaiwekea alama. Kompyuta inapima umbali, upepo, joto, na jinsi risasi itakavyoshuka njiani. Ukivuta kifyatulio, bunduki hailii; inangoja mpaka mtutu utulie sawasawa juu ya ile alama, ndipo inapojifyatua. Mkono ukitetemeka, inakataa. Kidole kinaomba, Asilimia alisema, kompyuta inaruhusu.

Mtambo wa namna hiyo, kwa hiyo, una nusu mbili: ya kukataa na ya kuruhusu. Asilimia alijua kutengeneza ile ya kukataa. Alichukua darubini ya watoto, akaigandisha juu ya kisanduku chenye kioo cha mizani ya bafuni. Akaweka kifeni cha kompyuta iliyokufa, eti kisome upepo. Akaongeza spika yenye sauti ya mwanadada aliyemrekodi kwenye simu ya huduma kwa wateja. Chini ya kisanduku akatokeza kipande cha mpini wa mswaki, ambacho kikishajipachika nyuma ya kifyatulio, kifyatulio hakiendi popote. Bunduki ya hivyo hailii mpaka kiama, na bunduki isiyolia, wataalamu wote wanakubaliana, haijapata kukosa shabaha.

Mwenyekiti alilipa kwa noti zilizoshindiliwa ndani ya foronya. Asilimia akapanga kupanda basi Jumamosi asubuhi na mapema. Lakini alipofungua mlango alimkuta dereva wa duka la magodoro amesimama na suti ya kuazima mkononi, kwa kuwa Mwenyekiti alikuwa amesema hapigi bila fundi wake. Wakamkalisha mstari wa mbele, katikati ya wakwe, naye akatabasamu huku jasho likimtambaa mgongoni.

Mwenyekiti alilala kifudifudi juu ya godoro jipya, lebo ya duka ikitazama umati. Akaweka alama. Akafumba macho, kama alivyozoea kila mara, akavuta.

"Tafadhali subiri," ikasema bunduki. "Utahudumiwa hivi punde."

Umati ukasubiri. Dakika ya kumi, mwamuzi, mwalimu mkuu mstaafu, alitamka kwamba tangu aanze kuamua mashindano hajaona bunduki yenye adabu kiasi hicho. Mkwe mmoja akaongeza kwamba wapo watu wazima wanaofyatuka ovyo ambao wangejifunza kwake. Dakika ya ishirini watu walikuwa wakinong'ona tu, wengine wamevua kofia. Dakika ya thelathini Asilimia alianza kupima kwa macho umbali wa kufika kwenye uzio, na hesabu hiyo hakuhitaji mtambo.

Dakika ya thelathini na tano mlio ukapasua uwanja, ukagonga kuta za ghala la bunduki na kurudi, ikawa haijulikani umetoka wapi. Kule mbali mtunza shabaha akainua bendera. Risasi ilikuwa imeingia katikati kabisa.

Mwenyekiti alipofumbua macho alikuwa tayari mabegani mwa wakwe. Alichowaambia tena na tena ni kwamba bunduki haikumpiga teke hata kidogo.

Asilimia hakuinuka. Nusu moja aliitengeneza mwenyewe, akawaza, na ya pili imejitengeneza. Kumbe mtu anaweza kuwa na kipaji asijijue. Na kipaji hicho amekiuza kwa foronya moja, wakati duniani yapo majeshi yanayojua thamani ya vitu. Tamaa ikamkaba mpaka akalegeza tai ya kuazima.

Alimkuta mke wa Mwenyekiti ghalani, maana huyo mama ndiye aliyetunza na kusafisha bunduki za klabu. Alikuwa akipitisha kitambaa kwenye mtutu, taratibu. Asilimia akamwambia kwamba angependa kuurudisha mtambo karakana, kwa uchunguzi tu, na angeirudisha ile foronya kama ilivyo. Mama akaendelea kufuta. Asilimia akaongeza pikipiki yake. Mama akahamia kwenye kitako cha bunduki. Akaongeza friji, kisha kitanda na godoro lake.

"Baba watoto ameupenda sana," mama akasema mwishowe. "Lakini funguo za ghala ninazo mimi."

Asilimia aliubeba mtambo hadi chumbani kwake, ambamo sasa mlikuwa na nafasi ya kutosha, akaketi sakafuni na kuugeuza. Mswaki ulikuwa palepale. Haukuwa na ufa wala mkwaruzo. Risasi isingetoka kwenye bunduki ile bila mswaki huo kuvunjika, na hakuna aliyelijua hilo kuliko yeye. Aliyezoea kuwaingiza watu mjini alikuwa ameingizwa mjini, tena kwa miguu, maana pikipiki haikuwepo.

Jumatatu akaenda dukani. Mama alikuwa kaunta, peke yake.

"Mama, nani alipiga ile risasi?"

"Mimi. Kwenye dirisha la ghala."

"Kwa kompyuta gani?"

"Kwa jicho la kulia. Nilikuwa nangoja upepo utulie." Akaweka kalamu chini. "Mswaki wako niliuona tangu Alhamisi, mwanangu. Ningeweza kukuumbua siku ile ile. Lakini mume wangu alikuwa hali, halali, na mimi nampenda. Nikikuumbua wewe, nimemuumbua na yeye."

Asilimia alitaka kudai arudishiwe vitu vyake. Ili ashtaki kwamba hakuna mtambo, ilibidi kwanza akiri kwamba aliuza mswaki.

Ndipo Mwenyekiti akaingia, mwamuzi na wakwe wawili nyuma yake. Alikuwa amenenepa kidogo tangu Jumamosi. Akamkumbatia Asilimia mbele ya wateja, machozi yakimlengalenga, akatangaza kwamba yeye sasa amestaafu ulengaji, kwa kuwa aliyegonga mita elfu moja kwa risasi moja hana tena la kuthibitisha. Akamwomba awaeleze wageni jinsi kompyuta inavyofanya kazi.

Mama alimtazama Asilimia juu ya kaunta, bila ukali wowote.

Asilimia akawageukia wageni. Akaanza na umbali, akaja kwenye upepo, akaja kwenye joto. Alieleza vizuri kuliko siku zote, mpaka wanunuzi wakaacha magodoro na kusogea. Mzee aliitikia kwa kichwa kila neno, uso umemng'aa, amemshika mkono mkewe. Asilimia hakuwahi kuutoa uongo wake bure, wala hakuwahi kumwona mtu aliyeponywa nao, na alipofika mwisho, mzee akamwomba arudie.