Mwewe wa Baba Mkwe

Jumatatu, 3 Juni

Baba mkwe anapasuliwa jicho Jumamosi. Mtoto wa jicho, upande wa kulia, na la kushoto lilishakufa zamani. Leo ametuita sisi wakwe zake wawili: mimi, mpiga picha mwenye studio yake, na mwanyumba wangu, mume wa shemeji yangu, mwalimu wa udereva. Mzee alikuwa bwana misitu miaka thelathini. Anasema akifunguliwa bendeji, kitu cha kwanza anachotaka kuona ni picha ya ndege mwindaji. Wa porini, si wa kufugwa. Juani, bila taa, kila unyoya uonekane. Atakayemfurahisha atapewa lenzi yake, ile ndefu kama mkono. Nimeitamani tangu siku ya posa. Mwanyumba akauliza lenzi kama ile huwa ni ya nini. Kamera yake yeye inaingia kwenye mfuko wa shati.

Jumanne, 4 Juni

Dampo nyuma ya machinjio, saa sita mchana. Mwewe kumi na wawili. Adabu hawana kabisa. Studio namwambia mteja inua kidevu, anainua. Hawa wananigeuzia mgongo. Na hilo jua analolisifu mzee! Taa zangu nazisogeza nitakavyo, jua halimsikilizi mtu. Picha arobaini. Thelathini na tisa ni anga tupu. Moja ina kitu cheusi tii, kumbe nimempiga ndege akiwa mbele ya jua.

Mwanyumba naye alikuwepo, amekalia ndoo iliyopinduliwa chini juu. Nikamuuliza anangoja nini. Akasema anangoja wamzoee. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma.

Alhamisi, 6 Juni

Jana anga tupu tena. Leo nimetumia akili. Mzee haoni. Juzi alilisalimia koti langu lililotundikwa ukutani, akaliuliza watoto hawajambo. Mtu wa hivyo atajuaje mwewe na kuku? Nimeazima tetea wa jirani yangu, fundi cherehani, wa rangi ya kahawia, kichwani bado hajaota kishungi chekundu. Nimemdanganya fundi kwamba ni kwa tangazo. Mdomo nimemkatia kwenye boksi la dawa ya meno, nikaupaka wino. Umepinda vizuri sana. Mke wangu kaniambia nimwonee haya baba yake. Sisi wasanii hatueleweki majumbani mwetu.

Ijumaa, 7 Juni

Juu ya paa la studio, jua la utosi, tetea kasimama juu ya tangi la maji. Kila unyoya waonekana. Nimebana pumzi, kidole kwenye kitufe, mara kivuli kikubwa kikapita. Mwewe. Katua ukingoni mwa paa, hatua tatu tu kutoka nilipo, mbawa wazi, jua limempiga kifuani, anamkodolea macho tetea wangu. Yaani ananiharibia picha! Nikamrushia kandambili. Hakubanduka. Nikamrushia ya pili, kisha nikamkimbiza na mwavuli wa studio mpaka akaenda zake. Tetea akatulia, nikapiga sita safi. Fundi alikuwa dirishani kwake. Aliniuliza kama ni mzima. Watu hawajui kazi.

Jumapili, 9 Juni

Sebuleni kwa baba mkwe, ukoo mzima. Picha ya mwanyumba ni ndogo kama kiganja, na mwewe wake mdogo kama punje ya hindi, mbali huko angani. Nilimwonea aibu. Yangu ilikuwa na fremu, kubwa kama meza.

Muuguzi akafungua bendeji. Mzee akafuta chozi, akaisogelea yangu. Kisha akasema anasoma maandishi kwenye mdomo wa ndege: huzuia meno kutoboka. Akauliza kama ameanza kutaga.

Kumbe wamemtibu kweli! Nilijua anapasuliwa. Hakuna aliyeniambia kwamba ataona.

Akaichukua ile punje, akaenda nayo dirishani. Akasema mkia una panda, na bawa moja limepungukiwa unyoya. Akalia. Mwanyumba kapewa lenzi papo hapo, akaishika kichwa chini. Iliniuma, siwezi kusema uongo. Nilirudi kwa miguu nimeikumbatia fremu yangu, na watu watatu njiani wakaniuliza kama kuku anauzwa.

Jumanne, 11 Juni

Mambo si mabaya. Alhamisi mzee anawekewa kifaa cha masikio. Anataka sauti ya kwanza kuisikia iwe ya bundi wa porini, na atakayemrekodia atapewa darubini. Mwanyumba ameshaenda msituni kungoja. Mjinga yule. Mzee hasikii hata mlango ukibamizwa, atajuaje bundi na mtu? Nimefanya mazoezi bafuni tangu asubuhi. Mke wangu kahamia kwa dada yake mpaka Alhamisi. Vizuri, maana mwangwi unakuwa mzuri zaidi nyumba ikiwa tupu.